Maji Yaliyozolewa na Jua

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Anayesinzia akae upande wa moshi.

Hapo zamani za kale, huko Uchina, Jua lilikuwa na njia yake, na njia ilikuwa na vituo ishirini na vinne. Kila kituo kilikuwa na jina na kazi yake. Wadudu Kuamka, shika jembe. Mvua ya Nafaka, panda. Baridi Kuu, kaa jikoni. Na Mwanga Safi kilikuwa kituo cha makaburi: watu hubeba mafagio wakafagie wafu wao.

Watu, nimesema? Nijisahihishe: wana wa kiume na wake zao. Binti aliyeolewa hufagia ukweni, kwao haendi. Aliyetunga sheria hiyo, naapa, hakuwa binti wa mtu.

Basi alikuwapo Lanying, aliyeolewa ng'ambo ya vilima viwili. Mama yake alikufa msimu ule ule wa baridi alioolewa, na hakuwa na mtoto mwingine. Asipofagia Lanying, hafagii mtu. Kila akipepeta mchele aliona nyasi zikipanda juu ya mama yake, zikipanda, zikipanda.

Mwaka wa kwanza akamwomba mavyaa yake, Bi Rong. "Mama, niruhusu siku moja tu."

"Umeshaolewa, mkaza mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mwaka wa pili akaomba tena. Bi Rong akaifungia kalenda sandukuni, akacheka. "Ukiijua siku ya Mwanga Safi mwenyewe, bila kuuliza mtu, nenda. Ukikosea, kaa."

Kuanzia Mwanga Safi wa mwaka huo, Lanying akachukua kamba. Kila kukicha fundo, kila kukicha fundo, kila kukicha fundo. Mafundo kumi na tano kwa kila kituo, mpaka vikatimia vyote.

"Mama, leo ni Mwanga Safi!"

"Bado! Umekosea. Si nilikwambia? Maji yakimwagika hayazoleki."

Lanying akaketi kizingitini, kamba mapajani, akalia. Juu ya boriti alikuwapo mbayuwayu akijenga kiota.

"We dada, unaniloweshea udongo wangu hapo kizingitini," mbayuwayu akasema. "Unalia nini?"

"Nimehesabu mwaka mzima, na hesabu imenisaliti."

"Umelihesabu Jua kama askari! Jua ni mzee, dada. Kiangazi husimama njiani, mara apumzike, mara atazame mpunga. Vituo vingine hula siku kumi na sita. Achana na mwaka mzima. Mimi hufika hapa mchana na usiku vikilingana. Nihesabu mimi: siku kumi na tano baada yangu, chukua ufagio."

Mwaka uliofuata, radi ikanguruma, wadudu wakaamka. Lanying akatazama boriti. Hayupo. Akatazama. Hayupo. Akatazama, na mkia wenye panda mbili ukapita mlangoni! Mafundo kumi na tano, si zaidi.

"Mama, leo ni Mwanga Safi."

Bi Rong akafungua sanduku, akasoma, akafunga. Hakucheka. "Ni leo," akasema. "Lakini maji yakimwagika..."

"Hayazoleki kwa mkono wa mtu," Lanying akamkatiza. "Jua huyazoa, Mama. Huyapandisha mbinguni. Na baada ya Mwanga Safi kituo gani kinafuata?"

Bi Rong akapapasa kifuniko cha sanduku.

"Kinafuata kipi, Mama?"

"Mvua ya Nafaka," Bi Rong akajibu polepole.

"Basi maji hurudi."

Lanying akachukua ufagio, akatoka. Alikuwa ameshafika kwenye ua wa mianzi aliposikia, "Ngoja!"

Akageuka.

Bi Rong alikuwa amesimama mlangoni, naye kashika ufagio wa pili.

"Kaburi la mama yangu," akasema, "liko nyuma ya kilima cha kwanza. Mwaka wa arobaini huu sijalifagia. Sijui kama nitalitambua."

"Tutalitafuta," akasema Lanying.

Hadithi yangu imeishia hapo, wanawake wawili njiani na mafagio mawili begani. Nyasi zao wazing'oe wenyewe.