Ngiri Aliyewapumzisha Wenzake

Mnisamehe mapema, hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia alikuwa na sauti; mimi nina tumbo tu.

Paukwa!

Pakawa!

Haya, inatosha. Kaeni, nyosheni miguu. Yaliyobaki niachieni mimi.

Hapo zamani za kale, nyikani palikuwa na kisima kimoja, na Fisi alikikalia. Vifaranga wa Mama Kanga walilamba umande.

Kila alfajiri wanyama wadogo walikuja. Kanga akaanzisha wimbo, ke-ke-ke. Ngiri akaupokea. Nguchiro wakaitikia. Wakapiga miguu chini, pu, pu, pu. Ardhi ikatetemeka. Wakaja leo, wakaja kesho. Fisi akakosa usingizi, akakosa hata kicheko. Akahama.

Wakamtawaza Ngiri, mwenzao kabisa, anayekula amepiga magoti vumbini. Naye hakuwasaliti. Maji akagawa, vifaranga wakanywa, wakanenepa.

Alfajiri moja Kanga akaja kisimani, ke-ke...

"Mama Kanga," Ngiri akasema, "unampigia nani kishindo? Mimi si wenu?"

"U wetu, ndugu. Nanyosha miguu tu."

"Pumzika, mmeteseka vya kutosha. Yaliyobaki niachieni mimi. Wewe njoo ndani uwe mshauri wangu. Ila humu ndani tunasema polepole."

Kanga akaingia. Nguchiro nao wakapewa kazi, kulinda kivuli cha Ngiri. Kisimani kukawa kimya. Mara nyingine Kanga aliamka kabla ya jua, miguu inamwasha, akaitazama ile njia ya vumbi. Akaitazama weee. Akajilaza tena.

Ukaja ukame. Fisi akarudi, akakaa palepale.

"Wenzangu," Ngiri akalia, "kishindo!"

Huyu akapiga, pu. Yule akachelewa, pu. Fisi akapiga miayo.

"Mama Kanga, anzisha."

Kanga akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mshauri.

"Kulikuwa na kipande hapa katikati," akanong'ona, "kilikuwa kinanisimamisha manyoya. Ndugu, unakikumbuka?"

"Mimi nilikuwa napokea tu."

Vifaranga wapya wakauliza, "Mama, kumbe mlikuwa mnaimba?"

Kesho yake wakalamba umande.

Basi, anayekutawala hata akiwa mwenzako, hata akikupenda kweli, mpe kiti, usimpe miguu yako.

Hadithi yangu imegota hapo. Mbona mnanikodolea macho? Tangu ile Pakawa moja hamjatoa neno, mmekaa mmenyosha miguu, nasema peke yangu. Nani kawaambia mkae hivyo?

Aa. Ni mimi.