Mhina na Dirisha la Dawa

“Dirisha moja halichagui mgeni.” Mmeisikia sokoni leo, mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Pembezoni mwa mji wa Tanga palikuwa na zahanati yenye mtoa dawa mmoja tu, jina lake Mhina. Kazi ikiisha alasiri, alipanda pikipiki yake akabeba abiria wanaoita usafiri kwa programu ya simu. Safari fupi aliikubali. Ya mbali yenye matope aliikataa kwa kugusa kioo cha simu kwa kidole. Abiria nao walimpa nyota za sifa humo simuni, basi akajifunza kuwahi na kusema nao kwa upole.

Upole ule ukahamia dirishani. “Karibu, pole kwa kusubiri.” Watu wakashangaa, maana Mhina wa zamani hata salamu aliitikia kwa shida. Lakini kile kidole cha kukataa nacho kilihamia. Cheti cha dawa ya kichwa alikihudumia papo hapo. Chenye dawa ya kutafutwa stoo alikirudisha kwa tabasamu. “Jaribu kesho, bibi.” Mwenyewe hakujua ameanza lini.

Bibi Mwanamkuu, aliyekuwa na mjukuu mwenye kifafa, alirudishwa hivyo siku mbili. Siku ya tatu hakugomba. Aliinama dirishani akauliza kama mtu anayetaka tu kujua:

“Mwanangu, nasikia una kazi ya simu. Abiria ukimkataa, huenda wapi?”

“Huchukuliwa na mwenzangu, bibi. Tuko wengi.”

“Na mimi hapa ananichukua nani?”

Mhina alikisoma upya cheti chake. Kisha akauliza taratibu, “Mtoto ameanguka tena?”

“Jana, mara mbili. Ya pili karibu na jiko.”

Mhina aliingia stoo akapekua maboksi, foleni ikinung'unika nje. Dawa ilikuwepo. Siku zote mbili ilikuwepo, na hilo ndilo lililomchoma. Akamweleza bibi namna ya kuipima, akarudia mpaka akaelewa.

Pikipiki hakuiacha, wala ule upole. Ila vyeti alivipokea kwa zamu, na aliyetaka kupenyeza chake chepesi alijibiwa, “Dirisha moja halichagui mgeni,” hadi mji mzima ukayashika maneno hayo.

Basi ukiwa wewe ndiye mwalimu pekee, au mkunga pekee, ukajikuta unachagua walio rahisi, jiulize wale wengine wanachukuliwa na nani. Dirisha moja halichagui mgeni.