Jina la Mtoto wa Namsifu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haibembelezi mtu. Leo sina sungura wala fisi. Nina wanawake watatu na jina moja la mtoto.

Wa kwanza ni Nakundwa, fundi cherehani wetu hapa Usangi, aliyejaliwa mikono. Akikupitishia utepe mara moja anajua umenenepa wapi tangu Krismasi iliyopita. Wa pili ni Eliwaza wa maabara ya hospitali, aliyejaliwa macho. Wa tatu ni Naetwe, tuliyeimba naye kwaya, aliyejaliwa ulimi usioogopa mtu. Hawa watatu walimwokoa Namsifu, mdogo wake Naetwe.

Naetwe alipata uvimbe kwenye titi akiwa na miaka thelathini na mmoja. Nesi wa zahanati akamwonyesha bango ukutani: uchunguzi ni kuanzia miaka hamsini. "Wewe bado binti," akamwambia, "nenda nyumbani." Bango lile lilitoka nchi za mbali, ambako ugonjwa huu mara nyingi husubiri mwanamke azeeke. Unaowapata wanawake wa kwetu mara nyingi huja mapema, tena huja kwa haraka. Alipopelekwa hospitali, ulikuwa umeshatambaa. Jumamosi moja, baada ya mazoezi, akatuambia tufunge mlango, akafungua blauzi yake mbele yetu.

"Tazameni," alisema. "Nina miaka thelathini na mitatu. Lile bango halitujui. Msilisubiri."

Baada ya miezi minne tulimzika. Nililia mpaka sauti ikakauka, na kwaya haikuimba.

Mwaka uliofuata Nakundwa alikuwa akitupima sare mpya. Namsifu, tangu msiba, alikuwa hathubutu kujigusa kifua; hata kuoga alioga akitazama pembeni. Mkono wa fundi ukapita chini ya kwapa, ukasimama.

"Mwanangu, hapa pana kitu."

"Fundi, wewe pima nguo."

"Dada yako alituambia tusilisubiri bango. Nguo yako sishoni mpaka uende hospitali."

Akafunga duka siku hiyohiyo, akampeleka mwenyewe.

Huko hospitali nyama ikakatwa kidogo, ikapelekwa kwa Eliwaza. Daktari alitaka kuanza vile vidonge wanavyopewa wengi. Eliwaza akamwomba asubiri. Akatafuta zile alama tatu zinazomwonyesha daktari dawa ya kutoa, asione hata moja. Kwa saratani ya namna hiyo, vidonge vile ni sawa na kumeza maji.

"Huyu apewe dawa kali za dripu," alisema, "na aanze wiki hii."

Namsifu akanyonyoka nywele, akakatwa titi moja, akaishi. Miaka miwili ikapita, akazaa mtoto wa kike, anayenyonya upande mmoja.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika ukoo wao mtoto wa kike hupewa jina la mtu mmoja tu, na yule aliyetoa jina ndiye humlea mtoto huyo iwapo mama yake hayupo. Daktari amemwambia Namsifu kwamba miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuogopa, na bado mmoja haujaisha. Kwa hiyo jina hili si pambo. Mumewe amesema atakubali lolote atakalochagua mkewe.

Siku ya jina ikafika, tukajaa sebuleni. Namsifu akamtazama fundi kwanza. Nakundwa akaanza kulia.

"Usimpe jina langu. Naetwe nilimpima miaka miwili kabla hajatufungulia blauzi. Nilikihisi kile kitu. Nikasema fundi hapimi ugonjwa. Nikaongeza sentimita mbili upande ule, gauni likamkaa vizuri, nikanyamaza."

Namsifu akamgeukia Eliwaza. Naye hakuinua macho.

"Nyama ya dada yako ilipita mikononi mwangu. Niliandika saratani, nikafunga faili. Hakuna aliyeniuliza ni ya aina gani, nami sikujiuliza. Akameza vidonge vile mwaka mzima."

Namsifu alimpakata mtoto, akasema polepole, "Basi aitwe Naetwe. Dada hakumkosea mtu."

Hapo mama yao akasimama. "Naetwe yuko chini ya migomba, mwanangu. Ukiondoka na wewe, huyu atalelewa na nani? Mimi mzee. Na jina hilo nitaliitaje kila asubuhi, halafu lisiitike kwa sauti ile?"

Basi ndipo tulipo. Kuna mikono iliyonyamaza mara moja, ikasema mara ya pili. Kuna macho yaliyochelewa kwa dada yakamwahi mdogo. Na kuna aliyesema mapema kuliko wote, ambaye hawezi kumbeba mtoto. Mtoto amelala kifuani upande uliobaki, na sisi tunamsubiri Namsifu afungue mdomo.

Ungekuwa wewe ndiye Namsifu, ungemwita nani?