Kwa Nini Mlango wa Mtetezi Haufungwi

Sogeeni karibu. Nanyi mnaoegemea mlango, uacheni wazi, maana habari hii ni yake.

Hapo kale, katika mji wa Roma, mabwana waliamua na makabwela walitii. Kabwela asiyempisha bwana njiani alichapwa viboko, na wa kumsemea hakuwapo. Walipochoka hawakupigana. Walizima majiko, wakafunga maduka, wakapanda kilima nje ya mji na kuketi huko pamoja na kuku wao.

Mwanzoni mabwana walicheka. Kisha wakatafuta mkate. Ngano ilijaa ghalani, lakini hakuna aliyejua kukanda unga, na bwana mmoja wa ukoo mkubwa aliunguza nyusi akipuliza moto. Basi wakaenda kilimani kwa miguu, kwa kuwa hata wabeba machela walikuwa wamegoma. Wakakubali makabwela wawe na mtetezi wao. Akisema "Nakataa!" kiboko kinawekwa chini.

Makabwela walimchagua Numerio, mwoka mikate, kwa sababu sauti yake iliamsha mtaa mzima. Mabwana wakamletea zawadi: mlango. Na mlango gani huo! Mbao nene, misumari ya shaba, komeo la chuma.

"Mheshimiwa apate kupumzika," walisema.

Mkewe, Vibia, akauliza, "Kwani sisi tuna nini cha kuibiwa?"

"Mama watoto, hiyo ni heshima," akajibu Numerio. Jina la Mheshimiwa lilikwisha kumkaa vizuri.

Haukupita muda, Kaeso, ndugu yake Vibia, akiwa amebeba matofali kichwani, alishindwa kumpisha bwana mmoja. Akakamatwa, akapelekwa uwanjani. Vibia alitoka sokoni mbio kumwita mumewe. Numerio alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, komeo limefungwa kwa ndani. Vibia aligonga kwa ngumi, akagonga kwa jiwe, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mlango haukupitisha kitu. Hapa ndipo ninapoona uchungu kila ninaposimulia: viboko vile vilisikiwa na kila mtu mtaani, isipokuwa yule aliyechaguliwa avisikie.

Numerio alipoamka, alimkuta shemeji yake amelazwa kifudifudi, mgongo umechanika.

"Mbona hamkuniita?"

Vibia alichukua shoka, akaupasua ule mlango, akautia tanurini na kuoka mikate ya mtaa mzima. Mikate ilitoka mizuri sana.

"Nakataa!" alinguruma Numerio.

"Ukakatae huko kwa mabwana," Vibia akamwambia. "Hapa kula."

Na tangu siku hiyo, mlango wa mtetezi wa makabwela haukufungwa tena, mchana wala usiku. Nasi hapa, mtu akija kutuomba kura, tunamsikiliza kwa adabu na soda yake tunainywa. Kisha jioni mmoja wetu hupita kwake, kutazama kama ameanza kujenga geti.