Sauti ya Bi Ruzuna katika Nyumba ya Ghorofa

Enzi za Sultani Ghalibu bin Hashili, aliyeutawala mji wa Nuruwani kwa upanga na kwa ukarimu, palikuwa na tajiri muuza udi, jina lake Mudriki, aliyefiwa na mkewe Bi Ruzuna, na tangu siku aliyomzika hakuna nyumba iliyokalika kwake. Alihama mtaa hadi mtaa na binti yake Zamzam, na kote alikutana na kimya kile kile. Sasa Zamzam ameposwa, na Mudriki akaazimia kununua nyumba, amwozee humo mwanawe na yeye azeekee humo. Na sheria ya Nuruwani ilikuwa ngumu: mnunuzi akishapokea ufunguo mbele ya kadhi, nyumba ni yake pamoja na ila na kasoro zake zote, hata ikimwangukia siku ile ile.

Dalali mmoja mwenye kilemba cha hariri akawapeleka kwenye nyumba ya ghorofa, nyeupe pe, yenye mlango wa nakshi na dari ya boriti nyekundu. Zamzam, kama wafanyavyo wanawake wa mji ule waendapo kutazama nyumba, alikwenda kwanza kisimani, akateka maji, akaonja, akatema.

"Baba, maji yana chumvi. Na tazama boriti pale zinapoingia ukutani, zinamwaga unga. Na kwa nini ukuta mmoja tu umepakwa chokaa jana?"

Mudriki hakumsikia. Alikwishapanda ngazi, na kutoka chumba cha ndani palitoka sauti ikisema, "Mume wangu, umechelewa."

Ilikuwa sauti ya Ruzuna, na harufu ya asumini yake ikamjia. Jamani, nani wa kumlaumu? Mtu aliyekula kwa kimya miaka yote ile, akiitwa na mkewe, ataulizia boriti?

"Chukua ufunguo leo," ikasema sauti, "tukae pamoja tena."

Mudriki akashuka machozi yakimtiririka, akimwita dalali waende kwa kadhi. Zamzam akamshika kanzu.

"Baba, nami nimemsikia, na hamu yangu ya mama haipungui yako. Lakini kwangua kwanza ukuta huu, nakuomba."

Basi Mudriki akachomoa jambia. Na sauti ikashuka kutoka juu kwa upole, "Usikwangue, mume wangu. Ukinipenda hutakagua."

Hapo Mudriki akasimama. Maana Ruzuna aliyemjua yeye hakupata kununua hata samaki bila kumfunua mashavu, na kitambaa alikivuta mpaka muuzaji akanuna, na njia nzima ya kurudi nyumbani yeye na mumewe wakicheka. Moyo ukamvunjika upya.

"Sauti ni yake," akasema, "lakini wewe si yeye."

Akakwangua. Chokaa ikadondoka mapande mapande, na nyuma yake palikuwa na ufa wa kuingia mkono.

Dalali akageuka moshi, na moshi ukawa jini mrefu aliyeinama kwa kuwa kichwa chake kiligusa dari. "Ewe bwana," akasema, "fundi wa nyumba hii alikoroga chokaa kwa maji ya bahari, akanifunga niufiche ubovu wake kwa kumpa kila mnunuzi kile anachokitamani, mpaka atokee wa kukwangua. Umenifungua. Omba utakalo."

Angeweza kuomba dhahabu. Aliomba kuisikia sauti ile mara moja tu, na safari hii iseme kweli.

Hapo sauti ya Ruzuna ikasema, "Mudriki, mtoe mtoto nje. Ukuta hautangoja."

Wakatoka, na nyumba ikaporomoka nyuma yao. Sultani alipopata habari akaamuru asikabidhiwe mtu ufunguo kabla hajakagua kwa mkono wake, akamtunuza Mudriki mali nyingi, naye akanunua nyumba ndogo, kavu, yenye maji matamu, na Zamzam akaolewa humo kwa vigelegele. Basi atakaye nyumba na aikague, hasa ile aliyoipenda kabla ya kuvuka kizingiti. Na Mudriki alizeekea mle, akimkosa mkewe kila siku, chini ya paa lisilovuja.