Kindi na Mwenye Nyumba wa Kujipachika

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao, mikeka yao na masufuria yao, aliishi Kindi. Mwili mdogo, mkia mkubwa, na mdomo... aa, mdomo wake, wanangu, tuuache kwanza. Mtausikia wenyewe.

Wiki nzima Kindi alikuwa kiguu na njia, anang'oa karanga, anaanika, anamenya. Ijumaa ilipofika, akautupa ungo chini.

"Aka! Nimechoka mimi! Kesho nakwenda kwa Mama Mkuki, nikapumzike mpaka Jumapili."

Mama Mkuki alikuwa nungunungu, rafiki yake tangu wako wadogo wanacheza kombolela. Walikuwa hawajaonana tangu Mama Mkuki alipojifungua mtoto wake wa tatu, na Kindi alikuwa na hamu naye kwelikweli.

Basi Jumamosi asubuhi akajitwika kikapu cha kashata za watoto, huyoo, mpaka kwenye shimo la akina Nungunungu.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"KARIBU!" ikajibu sauti nene kutoka ndani.

Kindi akashtuka. Baba Mkuki anamjua, ni mtu wa sauti ya chini. Hili dume linalonguruma humu ni la nani?

Akaingia. Pale mlangoni penye upepo palikuwa na mkeka mmoja, na juu yake watoto watatu wamebanana: Mkuki, dada yake Shazia, na yule mdogo, Pamba. Aliitwa Pamba kwa sababu miiba yake ilikuwa bado haijakomaa. Ukimgusa, laini! Na kule chumba cha ndani, kwenye kitanda kizuri cha nyasi, amejinyoosha nani? Bwana Fisi!

"Kikapuni mna nini?" Fisi akauliza. Hata salamu hakuna.

"Kashata za wa..."

Ham! Hakumaliza. Kashata zote zikaingia kinywani kwa mpigo mmoja, na watoto wakabaki wanatazama makombo yaliyobaki kwenye ndevu zake.

Kindi akakiokota kikapu chake kitupu. Akapita mpaka jikoni, akamkuta Mama Mkuki anapika huku anafuta machozi, na mumewe kando yake anachochea moto.

"Mwenzangu, kulikoni? Huyu katokea wapi?"

"Ilikuwa siku ya mvua," Mama Mkuki akasema. "Alipiga hodi, Pamba akaitikia karibu hata kabla ya kuuliza ni nani. Tukampa uji, tukampa na kitanda. Tangu siku hiyo hajatoka."

"Na hiyo miiba mliyojaza mgongoni ni ya mapambo? Mchomeni aondoke!"

Baba Mkuki akainamisha kichwa. "Shemeji, nimchome mgeni ndani ya nyumba yangu? Mtu tuliyemkaribisha wenyewe? Nitauficha wapi uso wangu?"

"Leo asubuhi kasema anasikia baridi," Mama Mkuki akaendelea. "Anataka usiku Pamba akalale naye. Pamba peke yake. Wale wenye miiba migumu hawataki."

Kindi alikuwa amekiona kitoto kile muda mfupi tu, na tayari alishakipenda. Mkia wake ukaanza kutikisika. Mkia wa Kindi ukitikisika hivyo, jueni kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "mtu ambaye hukumkaribisha, anayejiingiza kwa nguvu, huyo utamchoma?"

"Huyo? Hata sasa hivi."

"Basi niachieni mimi. Kesho nikiaga, nyote mbaki ndani. Wewe kaa mlangoni, mgongo uelekee nje. Na mumfundishe Pamba kuuliza 'nani?'"

Akatoka jikoni, akaenda moja kwa moja chumba cha ndani, akapiga goti.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba!"

Fisi akainua sikio moja. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. "Marahaba! Kumbe una adabu wewe!"

"Si ni wewe uliyeniitikia karibu? Anayemkaribisha mgeni ndiye mwenyewe. Au nimekosea? Mwenye nyumba ni yule Baba Mkuki?"

"Nani? Yule?" Fisi akaketi kitako, kifua mbele. "Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Mbona unasema polepole? Majirani hawasikii."

"MIMI NDIYE MWENYE NYUMBA!"

"Haya, baba. Basi mimi ni mgeni wako, nimetoka mbali, nina vumbi mpaka puani. Maji yangu ya kuoga yako wapi?"

Fisi akatazama huku na huku. Afanyeje? Na kelele zile kazipiga mwenyewe! Akachukua ndoo, akateremka mtoni. Chubwi! Akapanda nayo kilima, hoi, ulimi nje. Ndoo ya kwanza Kindi akaogea. Ya pili akawaogesha watoto.

Chakula kikaiva. Fisi akanyoosha mkono kwenye sinia.

"He! Baba mwenye nyumba!" Kindi akashika mdomo. "Wewe wa kula kabla ya mgeni? Watu watatucheka!"

Kindi akala, watoto wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Fisi akaachiwa ukoko, akaukwangua kwa kucha, kwaru, kwaru, huku anajifanya kutabasamu.

Giza lilipoingia, Kindi akapiga miayo. "Mgeni hulala chumba cha ndani, baba, unajua. Na mimi nina mazoea ya kulala na watoto. Wewe utalinda mlango, si ndiyo?"

Fisi akasema moyoni, "Haidhuru. Kesho huyu panya mwenye mkia mkubwa akiondoka tu, Pamba ni wangu." Akajikunja mlangoni kwenye ule mkeka, upepo ukamla mbavu usiku kucha.

Jumapili ndiyo kabisa! Kindi akawanong'oneza watoto, wakamrukia Fisi mgongoni, Mkuki huku, Shazia kule.

"Babu, tubebe! Tubebe!"

"Yalaa! Mnanichoma!"

"Ndio wajukuu hao, baba," Kindi akasema, anapepea uso kwa mkia. "Nyumba bila watoto, nyumba gani?"

Jua lilipoanza kulegea, Kindi akaaga. Akamkumbatia Mama Mkuki kwa uangalifu, si mnajua tena miiba, na kikapu chake kikajazwa viazi vikuu vya kupeleka nyumbani. Fisi alikuwa amejilaza, anahesabu pumzi.

"Haya, safari njema," akasema bila hata kuinuka.

"Ala! Mwenye nyumba anamuaga mgeni amelala? Basi haidhuru. Baba Mkuki, njoo unisindikize wewe. Tutakaokutana nao njiani nitawaambia, huyu ndiye mwenye nyumba, yule aliyelala ni mgeni wake."

"Thubutu!" Fisi akasimama kama aliyeketi kwenye kaa la moto. "Lete hicho kikapu!"

Wakashika njia. Kikapu kichwani mwa Fisi, Kindi mbele anaimba. Kila waliyekutana naye, Kindi anamwambia, "Mwoneee mwenye nyumba anavyonisindikiza!" Na Fisi anavimba. Wakavuka mto, wakafika kwenye mti mkubwa. Kindi akashika kikapu chake, akakwea nacho, kwaa, mpaka juu, akakitundika tawini.

"Ahsante, baba. Hapa panatosha. Rudi salama!"

Fisi alikuwa ameshageuka, mate yanamdondoka, anakimbia kumrudia Pamba. Hakumwona Kindi anayeruka tawi kwa tawi juu ya kichwa chake, wala hakujua kwamba Kindi huyo ndiye aliyetangulia kufika.

Shimo lilikuwa limezibwa.

"Hodi!" Fisi akanguruma.

"Nani?" ikauliza sauti nyembamba ya Pamba.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mwenye nyumba!"

"Baba," Pamba akasema, "eti mwenye nyumba yuko nje anapiga hodi. Sasa wewe uliye ndani ni nani?"

Kindi huko juu ya tawi akajiziba mdomo asicheke. Halafu Baba Mkuki akazungumza, na siku hiyo sauti yake haikuwa ya chini.

"Mgeni wetu tulimlisha, tukamlaza, na leo katoka kwa miguu yake, watu wote wamemwona njiani. Hatuna deni naye. Wewe uliye hapo nje, hakuna aliyekukaribisha."

"Nitaingia hivyo hivyo!" Fisi akaingiza kichwa kwa nguvu zote.

Chwa! Chwa! Chwa!

"Yalaaa! Pua yangu! Mama weee!"

Akatimka na miiba yake usoni, vumbi likabaki hewani, na mpaka leo akipita karibu na nyumba ya Nungunungu huzunguka kwa mbali.

Kindi akateremka taratibu, akajikung'uta mkia, akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi, mama yako mdogo."

"Mama mdogo nani?"

"Eh, hata mimi? Kindi!"

"Karibu!" wakajibu wote watano kwa pamoja. Na Kindi akalala siku moja zaidi, maana hata kupiga soga na rafiki yake alikuwa hajapata.

Basi shikeni hili, wanangu: mgeni mpeni heshima zote, lakini anayewala ninyi wenyewe msione haya kumfungia mlango.

Mimi nimefika mwisho, na anayebisha akamuulize Fisi ile pua.