Usukani wa Bi Nyamumwi

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale kwake, kwa sababu mwisho wa hadithi hii kuna kazi, na kazi hiyo ni yenu. Nawasimulia habari za ndugu watatu ambao mimi mwenyewe simpendi hata mmoja.

Waliishi kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, na kila mmoja alikuwa na lake alilojaliwa. Nyangeta, binti pekee, alijua kusoma mita ya umeme. Hakuna betri iliyowahi kumdanganya. Masatu, mkubwa wao, alikuwa na vidole vyenye subira kuliko moyo wake. Aliweza kufuata uzi mmoja kwenye wavu uliojisokota mpaka akaufikia mwisho wake. Bwire, kitinda mimba, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mashine yake ndiyo iliyomlisha.

Tangu baba yao azikwe hawakuwahi kula sahani moja. Aliwaachia mtumbwi wenye mota ya umeme, inayoendeshwa na betri mbili zilizounganishwa. Betri mbili, lakini usukani mmoja, na kila mtu aliutaka.

Asubuhi moja ikaja simu kutoka ng'ambo. Mjomba Magesa, kaka pekee wa mama yao, amelazwa kituo cha afya, huenda asifike jioni, na anamwita dada yake. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, mitumbwi mingine yote imeondoka. Mama yao, Bi Nyamumwi, akajifunga kanga, akaingia mtumbwini, akakaa.

"Nipelekeni," akasema. "Nataka nimkute anapumua. Atakayenifikisha, usukani ni wake, na nisisikie tena kelele zenu."

Wakaiwasha mota. Kimya.

"Betri zimekufa," akasema Masatu.

"Si umezimaliza wewe jana na spika za banda lako la video!" akafoka Bwire.

Nyangeta alikuwa na mita mkobani, lakini alikunja mikono. "Niombeni kwanza," akasema. Kaka zake wakatazama pembeni. Basi akaomba mama, mtu mzima yule: "Nakuomba, Nyangeta." Ndipo akaitoa. Akapima betri ya kwanza: volti kumi na mbili na nusu. Akapima ya pili: kumi na mbili na nusu. Akapima kule waya zinakoingia kwenye mota: sifuri.

"Betri ni nzima zote mbili," akasema. "Zimeunganishwa vibaya, moja inapingana na nyingine. Mngezibeba kwenda kuzichaji, siku ingeisha na mngerudi na sifuri hii hii."

Hapo ikawa zamu ya Masatu kuinama. Sasa, kila mtu anajua waya mwekundu ni wa chanya. Kila mtu isipokuwa Bwire. Yeye anaichukia timu ya jezi nyekundu kiasi kwamba alipofunga waya za betri ya pili, chanya aliipa waya wa njano, na ule mwekundu akaushusha kwenye hasi. Jana yake Masatu alizichukua betri bila kumwambia mtu, na alipozirudisha akafuata rangi kama dunia nzima inavyofanya. Akaunganisha waya mweusi wa betri ya kwanza na mwekundu wa ya pili, kumbe ni hasi kwa hasi.

"Mwehu wewe!" akafoka Masatu. "Nyekundu kwenye hasi?"

"Imekaa inapostahili," akajibu Bwire. "Na wewe nani alikutuma uguse?"

Masatu akamtukana, tusi ambalo silirudii mbele ya watoto. Kisha akafumba macho, akaacha kuamini rangi, akafuata kila waya kwa vidole chini ya mbao, kwenye maji machafu, mpaka akaipapasa alama ya chanya iliyofunikwa na uchafu. Akahamisha waya mahali pake. Lakini alipokaza nati, ule waya mfupi unaounga betri na betri ukakatika kichwa. Ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani.

"Fungeni waya wowote," akasema Nyangeta.

"Mwembamba utaungua kabla hatujafika katikati," akajibu Bwire. Waya mnene wa shaba ulikuwa mmoja tu kisiwani, nao ulikuwa kwenye mashine yake. Akamtazama mama yake, akatimua mbio, akaukata. Hata leo mashine ile haijachomelea kitu. Akarudi akaufunga mwenyewe, akakaza. "Msidhani nimewafanyia nyinyi," akasema.

Mota ikanguruma. Njia nzima mikono mitatu iling'ang'ania usukani mmoja.

Walimkuta Mjomba Magesa akipumua. Akamshika dada yake mkono, akacheka kidogo, jamani, akacheka. Akauliza, "Nani kakuleta, nimshukuru?"

Bi Nyamumwi akafungua kinywa. Nje ya dirisha, walikobaki wanawe, kukalipuka kelele.

"Ni mita yangu!"

"Vidole vyangu!"

"Waya wangu, nyie wezi!"

Mgonjwa akakunja uso. Bi Nyamumwi akaachia ule mkono, akaenda dirishani kuwanyamazisha. Aliwakemea mara moja, mara mbili, mara tatu. Aliporudi kitandani, kaka yake alikuwa ameshakata roho.

Akatoka nje, akasimama mbele yao. "Mmenifikisha," akasema, "na ni nyinyi mlioniondoa mkononi mwake. Lakini niliahidi, na mimi siyo mtu wa kula maneno yangu. Usukani lazima niutoe leo."

Bila Nyangeta, wangepoteza siku kwa betri zisizo na kosa. Bila Masatu, kosa lisingeonekana. Bila Bwire, mota isingewaka. Na hakuna hata mmoja aliyenyamaza pale dirishani.

Mimi nina hasira nao, siwezi kuhukumu. Haya, wewe uliyekaa hapo ukinisikiliza: simama mbele ya mama huyu anayelia, umwambie amkabidhi nani.